Kompyuta za Zahanati Ziunganishwe, Daftari Lisitupwe



Msimu wa mvua uliopita mama mmoja alileta mtoto mwenye homa kali katika zahanati yetu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Kadi ya mtoto ilikuwa imeliwa na mchwa.

Nilimwuliza, "Mama, juzi mtoto alipewa dawa gani?"

Akajibu, "Vidonge vya njano, daktari."

Vya njano viko vingi. Mwenzangu alimpima mtoto. Mimi nilifungua vitabu vya MTUHA nikapekua ukurasa mmoja mmoja. Nilitumia karibu nusu saa kulipata jina lake. Nusu saa ni ndefu kwa mtoto mgonjwa.

Tangu siku hiyo nina maoni haya: kila zahanati iwe na kompyuta, na kompyuta hizo ziunganishwe.

Kuunganisha maana yake nini? Tuseme zahanati ina kompyuta tatu. Moja iko mapokezi, moja kwa mganga, na moja kwenye dirisha la dawa. Kama hazikuunganishwa, kila moja inajua habari zake tu. Zikiunganishwa kwa waya, zote zinasoma kumbukumbu moja, kama nyumba tatu zinavyochota maji katika kisima kimoja. Mganga akiandika dawa, mtoa dawa anaiona papo hapo.

Watu wengi wanadhani kazi hii haiwezekani bila intaneti. Sivyo. Ndani ya jengo, waya unatosha. Kila waya usizidi mita 100. Intaneti inahitajika wakati wa kupeleka taarifa wilayani.

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu. Kabla ya hapo miji hiyo ilitegemea jenereta za dizeli. Hayo ni maendeleo. Lakini umeme hukatika, na vijiji vingine viko mbali na nguzo. Kwa hiyo kompyuta ziwe na betri au sola. Tena huku kwetu milimani radi hupiga sana. Jengo liwe na kinga ya radi. Mawingu yakianza kunguruma, kompyuta zizimwe na waya zichomolewe.

Pia kila jioni itolewe nakala ya kumbukumbu, ikafungiwe mahali pengine. Kompyuta ikiungua au ikiibwa, habari za wagonjwa zisipotee.

Jambo kubwa zaidi ni siri ya mgonjwa. Daftari likiwa kabatini, mwenye ufunguo ndiye anayelisoma. Kompyuta zikiunganishwa, mtu anaweza kusoma habari zako akiwa chumba kingine. Ukipimwa virusi vya Ukimwi, jibu ni lako. Kwa hiyo kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, wala asimpe mwenzake. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo inamlinda mkulima kama inavyomlinda mtu wa mjini.

Wako wenzangu wanaosema tukipata kompyuta tuchome madaftari. Mimi nakataa. Siku umeme haupo, wagonjwa watakuja vilevile. Daftari na kalamu vibaki mezani. Na wewe, mama, itunze kadi ya mtoto wako mbali na mchwa na mvua.

Mwaka 1973 wazee wetu walishiriki kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio katika vikundi, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kompyuta nazo hazitamtibu mtu. Kazi ni yetu.

Basi, katika mkutano ujao wa kijiji, iulizeni kamati ya zahanati: Je, umeme ukikatika tutafanya nini? Je, nakala inawekwa wapi? Je, nani anaruhusiwa kusoma habari zetu?

Msione haya kuuliza. Zahanati ni yenu, na watoto ni wenu.