Land Cruiser Ikivuja Ifakara, Isiongezwe Oili Tu

Waliozoea barabara ya Ifakara kwenda Mlimba hawashtuki wakiona Land Cruiser ya miaka ya tisini ikiacha doa jeusi pale ilipoegeshwa. Dereva huchungulia uvunguni, humwambia utingo aongeze oili, safari ikaendelea. Desturi hiyo ndiyo inayomaliza magari ya Kilombero, na lawama wasitupiwe mafundi peke yao. Wenye magari ndio wanaobania fedha ya kufungua chuma.

Bonde la Kilombero ni la maji. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na masika mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa hujaa. Daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 liliondoa adha ya kivuko kwenye mto Kilombero, ambako Januari 2016 kivuko kilizama. Lakini daraja hilo ni moja. Vijito na madimbwi ya njia za vijijini bado huvukwa maji yakiwa yamefunika difu.

Hapo ndipo mambo huharibika. Difu iliyotoka mbali ina joto, na hewa iliyomo imetanuka. Ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana juu ya ekseli pana kitundu cha kupumulia chenye kifuniko kidogo. Tope likikiziba, difu hupumua kupitia sili, vile vizuizi vya mpira vinavyoshika oili isitoke: ikipata moto husukuma oili nje, ikipoa huvuta maji ndani. Fundi akifungua nati ya chini, oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ajue meno ya gia na beringi yako hatarini.

Kubadilisha sili bila kuzibua kitundu hicho ni kazi bure.

Kwenye Land Cruiser za toleo la 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, panaposumbua sana ni mbele. Nyuma ya gurudumu pana tufe la chuma lililojazwa grisi. Humo ndimo ekseli hupinda gari linapokata kona. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu hupenya, huyeyusha grisi, na uji mweusi hutiririka hadi kwenye rimu. Wengi hununua ile sili ya nje inayoonekana kwa macho, wakaifunga na kuipaka silikoni. Uvujaji uko ndani! Kazi halali ni kufungua gurudumu, habu na tufe lote, kuosha kwa dizeli, kuweka sili mpya ya ndani, kisha kukagua beringi za juu na chini za tufe, maana zikilegea ekseli haikai katikati na sili mpya nayo italiwa. Kazi hiyo hula siku nzima, na mwenye gari asigeuke nyapara.

Nyuma kuna hatari kubwa zaidi. Sili ya habu ikikatika, oili huingia ndani ya dramu ya breki na gurudumu halishiki tena. Mteremko wa Mahenge si mahali pa kuligundua hilo.

Sili ya pinioni, pale propela inapoungana na difu, ina mtego wake: nati yake hubana beringi kwa kipimo maalumu. Fundi makini huitia alama kabla ya kuilegeza, akairudisha pale pale. Anayeikaza kwa nguvu zake zote anaua difu yenyewe.

Sili ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na difu. Halmashauri, hospitali na mashirika yenye magari haya yaitengee fungu kila mwaka, kama yanavyotenga la matairi. Na mwenye gari binafsi, kabla ya masika kuanza Machi, aangalie rangi ya oili, azibue kitundu cha kupumulia au akiunganishie mpira unaopanda hadi chini ya boneti. Oili chafu aikusanye kwenye dumu, asiimwage kwenye mtaro unaoelekea mashamba ya mpunga.