Tar, utatumalizia kumbukumbu hadi lini?

Haya jamani, leo nina ugomvi na waandishi wa programu za kufunga faili.

Nahudumia seva za vituo vya afya huku Migori na Homa Bay, na lalamiko ni lile lile: bakapu ikianza, mashine inakuwa nzito. Karani anatafuta rekodi ya mgonjwa, kiduara kinazunguka tu, foleni inafika mlangoni.

Tafadhali usiniambie "fanya bakapu usiku". Vituo ninavyovijua mimi huzima seva jioni. Bakapu na wagonjwa wanagawana mchana huo huo.

Tatizo ni hili. Linux huweka kwenye kumbukumbu kila faili inayosomwa, ikitumaini itahitajika tena. Hiyo ndiyo kache, na ni jambo jema. Lakini tuseme tar inapitia gigabaiti 60 kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 4. Kila baiti inasomwa mara moja tu. Tar inajua hivyo, kerneli haijui. Basi mpita njia anakaribishwa kitandani, mwenye nyumba analala nje.

Watetezi watasema kerneli ina akili, huanza kutoa kurasa zilizosomwa mara moja. Kweli, inasaidia. Lakini faili ambayo karani aliifungua mara moja tu asubuhi iko kwenye orodha hiyo hiyo. Wengine watasema MySQL, inayobeba data ya KenyaEMR, ina bufa yake. Sawa, lakini kwenye gigabaiti 4 bufa hiyo ni ya ukubwa gani?

Na dawa si ngeni! posix_fadvise imo kwenye POSIX tangu 2001: ukimaliza kipande, unaiambia kerneli DONTNEED, yaani sikihitaji tena. Borg inafanya hivyo. dd ya GNU ilipata nocache mwaka 2011. Robocopy ya Windows ina /J. Linux 6.14 ya mwaka 2025 ikaongeza RWF_DONTCACHE. GNU tar je? Swichi ya namna hiyo haina.

Najua, DONTNEED ya kijinga inaweza kufukuza hata kurasa ambazo MySQL ilikuwa inazitumia. Ndiyo maana programu ndogo iitwayo nocache hukagua kwanza nini kilikuwemo, kisha hutoa kilichoingia baadaye. Kama kiprogramu cha pembeni kinaweza, tar inashindwaje?

Kwa sasa fanyeni hivi:

nocache tar cf bakapu.tar /data

au mpeni tar mpaka wake:

systemd-run --scope -p MemoryHigh=200M tar cf bakapu.tar /data

Lakini hivyo ni viraka. "Ongeza RAM" ni jibu la mtu asiyelipa. Anayejua kwamba faili haitasomwa tena ni programu yenyewe, na ni wajibu wake kusema. Ikinyamaza, gharama ya ukimya wake inalipwa na mama aliyesimama kwenye foleni na mtoto mgongoni.