Neno la Mhariri: Kauri Katika Kuta za Watu

Toleo hili, litokalo hapa Kamatanda, karibu na Likasi, tumelitenga kwa mapambo ya nyumba. Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi wanaishi juu ya ardhi yenye kobalti, madini yaipayo kauri ya Kichina buluu yake mashuhuri, tumeona yafaa kutazama jinsi watu wa karne ya 18 walivyoikaribisha China majumbani mwao.

Huko Ulaya mapenzi ya mambo ya Kichina yaliambatana na mtindo wa rokoko, uliojaa mikunjo, makombe na majani yaliyotiwa dhahabu. Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, alijengesha Potsdam Nyumba ya Kichina baina ya 1755 na 1764, ikazungukwa na sanamu za dhahabu za watu wanywao chai na kupiga ala za muziki. Nao ni Wachina wa dhana tu, kwani nyuso zao ni za Kizungu.

Katika karne iyo hiyo, huku pwani ya Afrika Mashariki, mafundi wa Lamu walinakshi zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa katika ukuta wa "ndani", chumba cha faragha kilicho nyuma ya misana, yaani vyumba virefu vya mbele, safu juu ya safu, kila kidaka na ukingo wake wa nakshi, ili mwanga hafifu utokao uani uziguse sahani na bakuli za kauri ya Kichina zilizopangwa humo. Hata mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyalilia katika utenzi wake Al-Inkishafi majumba yaliyohamwa ya Pate, jirani ya Lamu, hakuacha kuyataja madaka ya sahani.

Ustadi wa Potsdam haukanushiki, lakini twaona Lamu ilikuwa na adabu iliyo bora: chombo cha kweli, kilichovuka bahari, kilipewa makao katika mpango ambao fundi wa Kiamu aliupima mwenyewe, wala hakulazimika kumbuni Mchina ili apate kuustahi ufundi wake.

Kwa hiyo twawasihi waandishi wa Likasi na wa Haut-Katanga nzima wanapoandika juu ya mapambo ya nyumba waanzie kwa wanawake wa Makwacha, karibu na Lubumbashi, wapambao kuta zao kwa udongo wa rangi. Aujuaye mpango wa ukuta wake hupokea kizuri chochote kitokacho ng'ambo, na nyumba ikabaki yake.