Albamu ya The Fray ina nyimbo 12, lakini zenye wenyewe ni chache

Hebu nikuulize swali rahisi: unajua nyimbo ngapi za The Fray? Kama wewe ni kama wengi wetu, utataja moja, pengine mbili. Ya kwanza ni How to Save a Life, kile kibao cha piano ambacho watu hukihusisha na wagonjwa mahututi kwenye drama za hospitali. Ya pili ni Over My Head. Baada ya hapo, kimya.

Sasa, zote mbili zinatoka kwenye albamu moja, albamu yao ya kwanza, iliyotoka Septemba 2005 na kupewa jina la huo wimbo mkubwa. Ina nyimbo 12. Nimeisikiliza yote, ya kwanza hadi ya mwisho, tena si mara moja, na msimamo wangu ni huu: hii ni albamu yenye mabonde na milima. Nyimbo tano au sita hapo hazizeeki. Zilizobaki ni za kujaza gunia. Lakini ukikaa nayo utagundua kwa nini wimbo mmoja unakushika shingo, halafu jirani yake, wenye piano ile ile na sauti ile ile, unakupita kama matatu iliyojaa.

Kwa wasiowajua, The Fray ni bendi ya roki kutoka Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Isaac Slade na Joe King waliianzisha mwaka wa 2002. Slade aliimba na kupiga piano hadi alipoondoka mwaka wa 2022, King yuko kwenye gitaa na sauti, Dave Welsh gitaa pia, Ben Wysocki ngoma. Katika bendi nyingi za roki, gitaa ndilo dereva. Hapa gitaa ni kondakta, piano ndiyo imeshika usukani.

Wala hawakuwa wa kwanza. Keane wa Uingereza walikuwa wameshatoa Hopes and Fears mwaka wa 2004, na Coldplay walikuwa wameuzoesha ulimwengu roki ya polepole yenye piano. Kwa hivyo usitafute maajabu ya sauti kwa The Fray. Nguvu yao iko kwingine: pale wanapokuwa na stori ya mtu halisi, wanaisimulia vizuri sana.

Chukua Over My Head. Kwenye mabano ya jina lake kuna maneno Cable Car, na wengi hudhani ni habari za usafiri. Siyo. Cable Car ni jina la utani la Caleb, ndugu mdogo wa Slade. Caleb alikuwa kwenye bendi siku za mwanzo, kisha akaombwa aondoke, na ndugu hao wakakosana. Ukijua hivyo, sikiliza tena. Mdundo unatembea haraka, ni wimbo unaoweza kuuimba kwa sauti ukiwa kwa gari na mabeshte. Lakini ndani yake kuna mtu anayemwona ndugu yake akienda mbali na hana neno la kumrudisha. Kama umewahi kununiana na ndugu mnayelala chumba kimoja, hauhitaji kuelezewa zaidi.

Halafu kuna wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu. Slade alijitolea kama mshauri kwenye kambi ya vijana waliokuwa na matatizo, na huko akakutana na kijana mwanamuziki aliyekuwa amezama kwenye uraibu. Slade ameeleza kwamba watu wa karibu na huyo kijana walimwendea kwa masharti: acha hiyo tabia, la sivyo tunakuacha. Wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Alichohitaji zaidi ilikuwa mtu wa kukaa naye.

Kwa hivyo, bana, huu si wimbo wa kupiga kifua eti "niliokoa mtu". Ni wimbo wa mtu aliyekuja na mpango mkononi, hatua ya kwanza hivi, ya pili vile, akamkalisha mwenzake chini, na mambo yakaharibika. Unahusu msaada unaokuja na sura ya mahakama. Na hicho kitu tunakijua sana hapa kwetu. Nilipoacha chuo, simu zilikuwa nyingi na karibu zote zilikuwa hotuba: urudi shule ama usitupigie tena. Ni mmoja tu aliyeuliza kama nimekula. Sasa hebu fikiria yule jamaa wa ploti yenu aliyemeza karo kwa kamari, ama yule msichana aliyeacha kujibu meseji za grupu. Wangapi wamemwendea na vidole vya kunyoosha, na wangapi wamekaa tu naye hata bila la kusema? Huo ndio uzito wa huu wimbo, na ndiyo sababu naudhika ukitumiwa kama kionjo cha machozi tu.

Watu waliusikia lakini. Tamthilia ya Grey's Anatomy iliutumia mwaka wa 2006, wimbo ukapanda hadi nambari tatu kwenye chati ya Billboard Hot 100 na kukaa kwenye chati hiyo wiki 58. Televisheni inaweza kukutambulisha kwa watu, sikatai. Kukubakisha masikioni mwao zaidi ya mwaka mzima, hapana.

Ongeza Look After You, ambao Slade alimwandikia msichana aliyekuja kuwa mkewe. Ni wimbo wa mapenzi, lakini haujapakwa sukari kupita kiasi. Anayeimba anaogopa, na woga wake unasikika.

Sasa tuje kwa lawama. She Is inafungua albamu kwa kelele nzuri, inamsifu mwanamke fulani, na ukifika mwisho haujui hata kitu kimoja kumhusu. Angekuwa yeyote. Heaven Forbid, Dead Wrong, Trust Me: zote zinazungumza na "wewe" asiye na uso. Na muziki wenyewe unaanza kujirudia. Piano inaingia taratibu, ngoma zinafuata, gitaa linavimba, Slade anapandisha sauti kwenye kiitikio, kisha kila kitu kinashuka. Mara ya kwanza unasisimka. Ukifika wimbo wa kumi unaweza kutabiri ngoma zitaingia lini, ukaenda kuchemsha chai na kurudi kabla ya kiitikio. Little House inajaribu kuchangamsha mambo kwa gitaa zito, lakini inasikika kama bendi iliyoazima nguo za bendi nyingine.

Katikati ya hizo kuna mbili ambazo usiziruke. Hundred karibu ni piano na sauti peke yake, na kwa sababu hakuna pa kujificha, kila neno linasikika. Vienna ni wimbo wa zamani kidogo. Ulikuwa kwenye kazi yao fupi ya Reason ya mwaka wa 2003, kabla hawajaingia Epic, kampuni iliyotoa albamu hii. Una umbali wa watu wawili wanaoagana, na haulazimishi machozi.

Najua kuna msee atasema: wacha hizo, muziki si wasifu wa mtu. Mimi naweza kupenda Over My Head bila kumjua Caleb. Kweli kabisa, na mamilioni waliupenda hivyo. Sisemi wewe msikilizaji lazima umjue. Nasema mwimbaji lazima amjue. Anapomjua, mambo madogo yanaingia kwenye wimbo, vitu ambavyo mtu hawezi kubuni ili ajaze dakika nne, na sikio lako linavikamata hata kama hautajua vilitoka wapi. Asipomjua, anabaki kupandisha sauti.

Na hapa naongea na wewe unayerekodi kwenye chumba cha beshte, makochi yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Najua unataka kazi yako ya kwanza iwe na nyimbo 12 kwa sababu albamu "kamili" inaonekana hivyo. Kabla haujalipa pesa za studio, pitia orodha yako na uandike kando ya kila wimbo: huu ni wa nani? Mama? Ex? Yule rafiki mliyemzika? Wewe mwenyewe ukiwa na miaka 16? Ukikosa jibu kwa nyimbo sita, toa sita zilizobaki. The Fray walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao, wangeweza kubeba mzigo wa nyimbo za kujaza na bado wauze. Wewe una data ya watu ya kuheshimu.

Wewe mwingine usiyerekodi, sikiliza kwa mpangilio huu: Over My Head, How to Save a Life, Look After You, Hundred, Vienna, kisha umalizie na All at Once, ambayo naipenda tu na sina utetezi mrefu. Haitafika hata nusu saa. Halafu kama kuna mtu umekuwa ukipanga kumpa hotuba, mpigie simu leo. Muulize ako wapi, na kama amekula.