Anayekula Maji ni Koki

Mtu akitaja tu kwamba anafikiria kuweka mashine ya kuoshea vyombo kwenye flati yake ya Upanga au Kijitonyama, Dar es Salaam, jibu analopewa halibadiliki: inakula maji. Wanaojibu hivyo wengi hawajawahi kuipima mashine yenyewe, wala hawajawahi kuipima koki ya jikoni kwao. Ni imani ya kurithi, na imekaa vichwani muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilitoka wapi.

Ilitoka uani. Kwenye nyumba ya Kiswahili vyombo vilioshewa nyuma ya nyumba, mwoshaji kakaa kwenye kigoda na mbele yake mabeseni mawili: moja la maji ya sabuni na dodoki, jingine la kusuuzia. Maji yalitaka nguvu za mtu, yalibebwa kichwani ndoo kwa ndoo, na aliyeyabeba hakuwa tayari kumwaga hata kata moja bila sababu. Sahani inapita beseni la kwanza, inapita la pili, inaanikwa kichanjani. Yanayobaki yanamwagiwa mgomba. Mbele ya utaratibu huo mashine haina cha kujivunia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka mwaka 2020, tena uliofanywa kwa kushirikiana na kampuni ya Whirlpool inayouza mashine hizo, ulikiri jambo la karibu na hilo, ingawa kwa kipimo cha gesi joto: kuosha kwa mabeseni mawili kwa uangalifu kulisababisha gesi hizo kidogo kuliko njia zote zilizolinganishwa.

Lakini flati haina ua. Ina sinki moja, mara nyingi la bakuli moja, na koki juu yake. Beseni la pili halina pa kukaa. Basi mkono mmoja unasugua, koki iko wazi, maji yanapita juu ya sahani na kuingia bombani tangu kikombe cha kwanza hadi sufuria ya mwisho. Mwenye shaka aweke ndoo ya lita 20 chini ya koki yake, aifungue kama anavyoifungua siku zote akiosha vyombo, kisha atazame saa. Ikiwa inatoa lita 6 kwa dakika, na hapo haijafunguliwa yote, ndoo itajaa kwa dakika tatu na ushee. Vyombo vya futari ya watu wanane haviishi kwa dakika tatu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wakiongozwa na Rainer Stamminger, waliwahi kuwapa watu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya mlo wa watu 12 wavioshe kwa mkono kama walivyozoea nyumbani. Wastani ulifika lita 100 na zaidi. Mashine mpya ya ukubwa huo, ikiwekwa kwenye mzunguko wa kubana matumizi, hutumia lita 10 hadi 12. Nusu ndoo.

Siri yake si kubwa. Mashine huvuta lita chache zikakaa chini, pampu ikayarusha maji yale yale juu ya vyombo kupitia mikono inayozunguka, yakashuka, yakachujwa, yakarushwa tena. Yakishachafuka inayatoa na kuvuta mengine machache ya kusuuzia. Huo ni mtindo wa mabeseni mawili, umefungiwa ndani ya sanduku. Anayeitetea busara ya bibi yake dhidi ya mashine anashindwa kuona kwamba kilichoiacha busara hiyo ni koki.

Dar es Salaam ndiyo mji wa mwisho unaopaswa kulichukulia jambo hili juu juu. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao, na wakazi wa maghorofani walirudi kupandisha madumu kwa ngazi. Anayejua uzito wa dumu la lita 20 hadi ghorofa ya nne anajua pia maana ya kumaliza vyombo vya siku nzima kwa nusu yake. Zipo hata mashine ndogo za kukaa juu ya meza, zenye tangi la lita 5 hivi la kujazwa kwa jagi, zisizohitaji fundi bomba kabisa.

Umeme ni hoja nyingine, na hapa ukweli usemwe wote. Wazungu wa utafiti wa Bonn waliosha kwa maji ya moto, hivyo mashine iliwapunguzia na umeme. Pwani watu huosha kwa maji baridi. Mashine itawaongezea matumizi, kama uniti moja kwa mzunguko. Kwa bei za LUKU, haifiki bei ya soda.

Hoja inayouma zaidi ni ile ya tatu: mashine ya nini wakati dada wa kazi yupo? Hotelini, kuanzia Posta hadi Nungwi, mashine hizi zinafanya kazi kila siku na hakuna anayesema mpishi mkuu ni mvivu. Nyumbani inaitwa uvivu kwa sababu mikono inayoosha si ya anayesema. Msichana anayesimama kwenye sinki mara tatu kwa siku, vidole vimechubuka kwa sabuni, saa zake hazihesabiwi popote. Ni hesabu ya uongo, na ni aibu kuendelea kuifanya.

Vikwazo vya kweli vipo, na ndivyo vinavyostahili kujadiliwa badala ya hekaya ya maji. Bei ya kununua ni kubwa. Mashine nyingi zinataka msukumo wa maji unaotokana na tangi lililo mita 4 au 5 juu yake, kwa hiyo mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa, ambaye simtanki imekaa karibu na kichwa chake, atahitaji pampu. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ile chumvi maalumu ya mashine hulainisha maji yenye chokaa tu, haiondoi chumvi ya bahari, na glasi zitatoka na madoa. Sufuria za alumini huingia ziking'aa na kutoka zimefifia rangi ya majivu, kwa ukali wa sabuni ya mashine. Mwiko, mbuzi na chungu navyo vibaki nje. Sufuria ya ubwabwa italowekwa ukoko wake kama zamani.

Wenye nyumba nao wana lao. Flati mpya za Mikocheni na Masaki zinajengwa zikiwa na tundu la kiyoyozi kila chumba, lakini jikoni hakuna nafasi ya sentimita 45 karibu na sinki, hakuna soketi ya peke yake, hakuna koki ya ziada wala tundu la kutolea maji. Wakati ukuta bado uko wazi, hiyo ni kazi ya fundi bomba ya asubuhi moja. Vigae vikishabandikwa, mpangaji anaambiwa haruhusiwi kutoboa.