Hasira Nayo Ina Haki ya Kuimbwa

Tarehe 18 Septemba 2025, albamu ya Paranoid ya Black Sabbath ilitimiza miaka 55. Tunajua wengine mtasema: haya makelele ya wazungu yanatuhusu nini? Tuvumilieni kidogo.

Hawa walikuwa vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi pale Birmingham, Uingereza. Ozzy Osbourne, mwimbaji, alishafanya kazi machinjioni na alishafungwa jela kwa wizi. Alifariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuimba mara ya mwisho hapohapo Aston. Tony Iommi, mpiga gita, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili, siku yake ya mwisho kiwandani. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga.

Hadithi kama hiyo inapendwa sana kwenye semina: mnaona, ukiwa na moyo unaweza! Sawa. Lakini sisi tunataka mkumbuke pia walichoimba.

Albamu ilikuwa iitwe War Pigs, yaani Nguruwe wa Vita, ila kampuni ya kurekodi ikabadilisha jina. Wimbo wenye jina hilo ndio unaofungua albamu, na unawasema wakubwa wanaoanzisha vita halafu wanawatuma maskini wakafe. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea. Mwingine, Hand of Doom, unahusu wanajeshi waliorudi kutoka huko wakiwa wamenaswa na heroini. Hakuna kubembelezana humo. Na bado albamu ilifika namba moja Uingereza.

Sasa tuje kwetu. Kijana mkimbizi akitaka kuimba, mara nyingi anapewa mada: amani, kunawa mikono, shukrani kwa wafadhili. Nyimbo hizo tumeziimba na hatuzikatai. Ila mwenzetu mmoja alileta mashairi yanayouliza nani aliwauzia silaha waliochoma kijiji chao. Akaambiwa "punguza ukali". Akapunguza, akapunguza tena, mwisho akaacha kuandika.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mna sababu. Mnaogopa chuki za kikabila zisije zikaingia kambini. Hata sisi tunaziogopa, maana tumeziona. Lakini kumchukia jirani ni kitu kimoja, na kuwakasirikia wanaofaidika na vita ni kitu kingine. Hiyo ya kwanza izuieni, tutawasaidia. Ya pili mkiizuia haiishi, inahamia kwenye pombe na ngumi.

Na nyie vijana wenzetu, si lazima iwe metali. Iwe rap, iwe rumba, iwe ngoma ya nyumbani. Gita likikosekana, jerikeni ipo. Andikeni ukweli kwanza, habari ya ukali tutaongea baadaye.