Mkindu nao ni zao, tuupande

Mnazi ukifa shambani kwako, unapanda mwengine. Mkarafuu ukikauka, unakwenda kutafuta miche. Mkindu je? Nani kati yetu amewahi kuupanda?

Tunaukata tu. Ukindu unachanwa, unatiwa rangi, unasukwa ukili, ukili unashonwa mkeka. Ndio mkeka wa harusini na msibani, ndio msala, ndio kawa la kufunikia chakula. Siku hizi ni mkoba pia, anaonunua mtalii Mji Mkongwe. Kwa akina mama wengi wasio na karafuu za kuuza, hiyo ndiyo fedha ya daftari na sare za watoto.

Mkindu hautoweki duniani. Unaota kutoka Senegal mpaka Afrika Kusini. Lakini mkindu wa Senegal haukusaidii wewe wa Makunduchi. Hapa Unguja mabonde yanalimwa, viwanja vinajengwa, na Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Huingii na panga lako unavyotaka. Wengi wanalaumu mikeka ya plastiki. Mimi nasema plastiki inatupunguzia wanunuzi, lakini mti tunaumaliza wenyewe.

Ukitaka kuendelea kuvuna, fanya haya:

1. Kata jani changa ambalo halijafunguka, na ukomee hapo. Kila shina lina moyo mmoja tu. Panga likifika kwenye moyo, shina hilo limekufa.

2. Usivune mashina yote ya kichaka kwa siku moja. Shina ulilokata liache kwanza litoe majani na yafunguke.

3. Panda. Wakati wa masika, chimbua chipukizi la pembeni pamoja na mizizi yake, ulipeleke penye unyevu, kama kandokando ya bonde la mpunga. Usipande njiani wanapopita watoto, kwani makuti yake yana miba mikali.

4. Ukiotesha kokwa, tumia tunda lililoiva na uondoe nyama yake. Panda miche kadhaa, kwa sababu kuna mkindu dume na mkindu jike, na jike peke yake hauzai.

Nawe mfanyabiashara, ukinunua ukindu kwa bei ya kutupa, mkataji atakata zaidi ili apate kilekile. Lipa vizuri kwa jani refu lililokatwa vizuri, na kataa mzigo wenye mioyo ndani yake.

Masika yajayo, anza na machipukizi matatu tu.